Vazi, Mvaaji na Mnunuzi: Picha za Mavazi kutoka Canton hadi Kitale na Bungoma

1. Utangulizi

Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ya Kenya ilimwagiza Joy Adamson, mchoraji mzaliwa wa Silesia ya Austria, achore picha za watu wa makabila ya nchi hiyo wakiwa wamevaa mavazi yao ya jadi. Agizo la awali lilihusu makabila ishirini hivi. Kazi ikapanuka, ikachukua miaka kadhaa, na hatimaye ikazaa picha zaidi ya 500, nyingi zikiwa za rangi za maji. Sehemu kubwa ya picha hizo imehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, na nyingine zimewahi kupamba kuta za Ikulu. Baadhi yake zilichapishwa London mwaka 1967 katika kitabu The Peoples of Kenya. Sababu iliyotolewa kuhalalisha gharama na juhudi hizo ilikuwa moja: mavazi hayo yalikuwa yakitoweka, na picha ingeyahifadhi kabla hayajasahauliwa.

Kwa muda mrefu picha hizi zimeachiwa wanahistoria wa sanaa na wataalamu wa mila. Makala haya yanadai kwamba mhakiki wa fasihi naye ana neno la kusema juu yake. Picha ya vazi ni matini. Ina mtunzi, ina mlipaji, ina hadhira iliyokusudiwa, ina kanuni za utanzu wake, na karibu kila mara ina maneno yaliyoandikwa chini yake. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba utanzu huu, popote ulipostawi, umetumia kanuni moja kuu, nayo ni kumtoa mvaaji katika wakati wake ili vazi libaki peke yake mbele ya mnunuzi. Anayezitumia picha hizo leo kama ushahidi wa utamaduni, bila kuutambua utanzu wenyewe, huirithi kanuni hiyo bila kujua.

Kitale na Bungoma zinafaa kuwa mahali pa kuipimia hoja hii. Kitale ni mji uliokuwa kitovu cha walowezi wa Trans Nzoia, na ni njia ya kwendea kwa Wapokot na Waturkana, ambao wote wamo katika mkusanyiko wa Adamson. Ni Kitale pia ndiko ilikoanzia mojawapo ya makumbusho ya kwanza ya bara la Kenya. Bungoma, kwa upande wake, ni nchi ya Wabukusu na Wasabaot, ambako miaka ileile picha hizo zilipokuwa zikichorwa palikuwa na mvutano mkali juu ya mila, dini na ardhi. Kabla ya kufika huko, hata hivyo, yafaa kuangalia mahali ambapo utanzu huu ulikwisha kukomaa zamani.

2. Canton: Vazi kama Bidhaa

Kuanzia mwaka 1757 dola ya Qing iliwabana wafanyabiashara wa Ulaya katika bandari moja tu ya China, yaani Canton, ambayo leo hujulikana zaidi kwa jina la Guangzhou. Wageni hao waliruhusiwa kukaa katika ukanda mwembamba wa maghala na nyumba kando ya mto, nje ya kuta za mji. Hawakuwa na ruhusa ya kuzunguka nchini wala kuingia mjini wapendavyo. Walinunua chai, hariri na vyombo vya kauri, na walipojiandaa kurudi makwao walitaka pia kitu cha kuonyesha China ilivyo. China hiyo wengi wao hawakuwa wameiona.

Wachoraji wa Canton waliielewa haja hiyo. Walifungua karakana katika mitaa iliyokuwa karibu na makao ya wageni, wakauza picha za maofisa katika majoho yao, wanawake wa nyumba za wakubwa, wachuuzi, mafundi viatu, wauza maua, na pia picha za adhabu na mateso. Tangu miaka ya 1820 hivi picha nyingi zilichorwa juu ya vipande vyembamba vilivyokatwa kutoka moyo wa shina la mmea uitwao tongcao. Wazungu waliviita karatasi ya mchele, ingawa havikuhusiana na mchele hata kidogo. Picha hizo zilifungwa pamoja, aghalabu kumi na mbili kwa seti, ndani ya majalada ya hariri. Kazi iligawanywa karakanani. Michoro ya msingi ilinakiliwa tena na tena, na mafundi wakajaza rangi. Ofisa aliyeonekana katika seti moja angeweza kuonekana katika seti nyingine mia, kwa joho lilelile na mkao uleule. Hakuhitajika mtu wa kukaa mbele ya mchoraji, maana aliyechorwa hakuwa mtu mahususi. Alikuwa namna ya mtu.

Mfano unaojulikana zaidi ni kitabu The Costume of China, kilichotolewa London mwaka 1800 na George Henry Mason, mwanajeshi Mwingereza aliyepata kukaa Canton. Kina picha 60 zilizotokana na michoro ya fundi wa Canton aliyeitwa Pu Qua, na kila picha imefuatwa na maelezo kwa Kiingereza na Kifaransa. Hapa wamekutana watunzi wawili. Mchoraji ni Mchina na mwenye maelezo ni Mwingereza. Mchoraji anasema kwa mstari na rangi, naye mwenye maelezo anamwambia msomaji aone nini. Msomaji wa London hakuwa na njia ya kumsikia yule wa kwanza ila kupitia kwa yule wa pili.

Jambo moja zaidi lastahili kutajwa. Joho na msuko mrefu wa nywele vilivyouzwa katika picha hizo kama sura ya milele ya China vilikuwa na tarehe. Msuko ule wanaume Wachina walilazimishwa na watawala wa Qing kuanzia mwaka 1645, baada ya ushindi wa Wamanchu, nao ulikatwa kwa wingi wakati utawala huo ulipoanguka mnamo 1911 na 1912. Kilichoonekana Ulaya kuwa desturi isiyo na mwanzo kilikuwa alama ya kushindwa vita. Picha ya vazi haikuwa na nafasi ya kulisema jambo hilo, kwa kuwa historia haimo miongoni mwa vitu ambavyo utanzu huu huvionyesha.

3. Kutoka Kadi za Zanzibar hadi Agizo la 1949

Afrika Mashariki haikungoja mwaka 1949 ili kuujua utanzu huu. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa na mwanzoni mwa karne ya ishirini, studio za wapiga picha wa Kigoa mjini Zanzibar, kama ile ya A. C. Gomes na ile ya ndugu wa Coutinho, ziliwauzia abiria wa meli picha na kadi za posta za wenyeji waliovaa kanzu, vilemba, kanga na mapambo. Kama kule Canton, mnunuzi alikuwa mgeni wa muda bandarini, mtengenezaji alikuwa mkazi wa mji, na aliyeonyeshwa alipewa jina la kundi lake: mwanamke wa Kiswahili, Mwarabu, mchukuzi. Kamera ilishika nafasi ya brashi bila kuibadilisha kanuni.

Agizo alilopewa Adamson linafanana na desturi hiyo, ingawa mpangilio wa wahusika wake umegeuka. Canton mwenyeji alichora na mgeni akanunua. Kenya mgeni alichora, serikali ya wageni ikalipa, na mwenyeji akakaa mbele ya ubao. Mchoraji wa Canton aliweza kumpa mgeni kile alichokitaka huku akijua moyoni kwamba sicho kilichopo. Kulikuwa na nafasi ya ujanja, hata ya kejeli, baina ya muuzaji na mnunuzi. Aliyechorwa na Adamson hakuwa na nafasi hiyo. Alichoweza kukiamua ni jinsi ya kukaa na jinsi ya kutazama.

Ni haki kueleza upande wa pili. Adamson hakunakili michoro ya karakana. Alisafiri hadi maeneo ya mbali, akawachora watu walio hai, na nyuso alizozichora ni nyuso za watu mahususi wenye umri, uchovu, fahari na mashaka yao. Mtazamaji makini huona mara nyingi kwamba uso unapingana na kusudi la picha. Vazi linamwambia kuwa huyu ni mfano wa kabila lake, ilhali macho yanamwambia kuwa huyu ni mtu mmoja tu, ambaye hakuna mwingine kama yeye. Mvutano huo ndio unaozifanya picha za Adamson ziwe bora kuliko nyingi za jamii yake, na ndio unaozifanya zistahili uhakiki badala ya sifa tupu au shutuma tupu.

Hata hivyo jicho la mchoraji lilikuwa limekwisha kupata malezi yake. Kabla ya watu, Adamson alichora mimea. Mume wake wa pili, Peter Bally, alikuwa mtaalamu wa mimea, na ni katika safari za pamoja naye ndipo alipojizoeza kuchora maua ya Afrika Mashariki, kazi iliyompatia medali ya Grenfell ya chama cha kilimo cha bustani cha Uingereza mwaka 1947. Picha ya mmea ina kanuni zake. Mmea mmoja huwekwa peke yake juu ya karatasi nyeupe, umeng'olewa katika udongo wake, kila sehemu inaonekana wazi, na jina la jamii yake huandikwa chini. Kanuni hiyo humfaa sana mtaalamu wa mimea. Inapohamishiwa kwa binadamu, karatasi ile nyeupe huwa na maana nyingine. Mandhari hutoweka, na pamoja nayo hutoweka nyumba, shamba, barabara, mwajiri, mtoza kodi na jirani.

4. Maneno Chini ya Picha

Mhakiki wa fasihi huanza kazi yake halisi anapofika kwenye maneno yaliyo chini ya picha. Maneno hayo ni mafupi, na ufupi wake huyapa sura ya ukweli usiohitaji kujadiliwa. Kitabu cha 1967 kimepangwa kabila baada ya kabila. Maana yake ni kwamba kabla msomaji hajauona uso wowote, amekwisha kuambiwa amweke mtu huyo katika kapu gani.

Lakini majina ya makapu hayo yenyewe yalikuwa yakibadilika wakati uleule. Katika maandishi ya kikoloni Wabukusu waliitwa Kitosh, jina walilopewa na watu wengine ambalo wao wenyewe hawakulipenda. Wapokot waliitwa Suk. Wakazi wa miteremko ya Mlima Elgon, wasemao lugha ya jamii ya Kikalenjin, waliitwa Wamasai wa Elgon, jina linalompeleka msomaji mbali kabisa na ukweli wa lugha yao. Watu wa magharibi kwa jumla waliwekwa chini ya neno Kavirondo. Ni katika miaka ya 1940 ndipo majina Luhya, Kalenjin na Sabaot yalipoanza kushika nguvu kama majina waliyojichagulia wahusika wenyewe, kwa sababu za kisiasa zilizokuwa wazi kwao: waliotaka kusikilizwa na serikali walihitaji kusema kwa sauti ya wengi.

Kwa hiyo picha zilikusudiwa kuhifadhi makabila yasiyobadilika katika muongo uleule ambapo makabila hayo yalikuwa yakijiunda upya na kujipa majina mapya. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha 1983 juu ya wakati na taaluma ya mila, ameonyesha jinsi maandishi ya taaluma hiyo yanavyozoea kumweka anayeelezwa katika wakati mwingine, kana kwamba hakuishi siku moja na anayemweleza. Picha ya vazi hufanya hivyo bila kuandika sentensi hata moja. Aliyechorwa na aliyechora walikaa chumba kimoja, asubuhi moja. Picha ilipokamilika, mmoja alikuwa mtu wa mwaka 1950 na mwingine alikuwa mtu wa kale.

5. Yaliyobaki Nje ya Fremu

Yafaa kuyarejesha baadhi ya yale ambayo karatasi nyeupe iliyafuta. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ardhi kubwa ya Trans Nzoia iligawiwa walowezi, wakiwamo wanajeshi waliopewa mashamba chini ya mpango wa mwaka 1919. Reli ilifika Kitale mwaka 1926. Mwaka huohuo mlowezi mmoja mwanajeshi, Hugh Stoneham, aliyekuwa mpenzi mkubwa wa vipepeo na wadudu, alianzisha huko makumbusho yake binafsi. Alikusanya wadudu, ndege, vitabu na vitu vya matumizi vya wenyeji. Stoneham alifariki mwaka 1966 akiwa ameusia mkusanyiko wake kwa taifa, na mwaka 1974 Makumbusho ya Kitale yalifunguliwa katika jengo jipya chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Makumbusho hayo ni ndugu wa picha za mavazi. Katika mkusanyiko wa awali kipepeo na kikuku vilikuwa chini ya paa moja na chini ya jicho moja. Picha ya Adamson ilimwonyesha mvaaji bila maisha yake, nayo kabati ya mkusanyaji ilimwondoa hata mvaaji. Ni jambo la kutia moyo kwamba baada ya 1974 Kitale ilijenga katika uwanja wake maboma ya mfano ya jamii za magharibi, hivi kwamba mwanafunzi anayefika kutoka Bungoma hukuta nyumba ya Kibukusu ambayo aweza kuingia ndani yake. Boma hilo nalo lina kasoro zake, kwa kuwa hakuna anayepika humo wala anayelala humo. Walakini limepiga hatua moja kuelekea kumrudishia mtu mahali pake.

Nje ya fremu kulikuwa pia na siasa. Mnamo Septemba 1947 Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliuongoza umati kwenda Chetambe, karibu na Webuye, kuwakumbuka Wabukusu waliouawa katika vita vya 1895 dhidi ya majeshi ya Waingereza. Tarehe 10 Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wa dini hiyo huko Malakisi na kuwaua watu 11. Mwaka huohuo dini ilipigwa marufuku, naye Masinde akapelekwa uhamishoni Lamu. Fundisho lake kubwa lilikuwa kwamba watu wairudie ibada ya mizimu ya wazee wao na kuwaondoa wageni nchini. Mafundisho hayo yalisambaa hadi kwa Wapokot. Tarehe 24 Aprili 1950, huko Kolloa katika wilaya ya Baringo, wafuasi wa Lukas Pkiech walipambana na kikosi cha serikali. Maofisa watatu wa Kiingereza na askari mmoja Mwafrika waliuawa, naye Pkiech pamoja na wafuasi wake wengi wakauawa pia.

Tarehe hizi zikiwekwa kando ya agizo la 1949, kinzano linajitokeza lenyewe. Serikali ileile iliyoogopa mila zilipokuwa hai, zikiwa na sauti na madai, ililipia mila zilipokuwa kimya juu ya karatasi. Mpokot mwenye kilemba chake cha udongo uliofinyangwa juu ya nywele na kupachikwa manyoya ya mbuni alitafutwa na brashi ya serikali katika muongo uleule alipotafutwa na bunduki zake. Hakuna haja ya kudai kwamba mchoraji alikusudia hivyo. Uhakiki wa utanzu haushughulikii nia ya mtu binafsi peke yake. Huuliza pia kanuni zilimruhusu mtunzi aseme nini na zilimzuia kusema nini. Picha ya vazi ilikuwa na nafasi ya kilemba cha udongo. Haikuwa na nafasi ya Kolloa.

Hata vazi lenyewe lilikuwa na historia iliyofichwa. Shanga za kioo zilizohesabiwa kuwa sehemu ya vazi la asili zilitengenezwa Venice na Bohemia, zikapita Zanzibar na Mombasa, zikachukuliwa na misafara hadi bara. Mumias, iliyo jirani na Bungoma, ilikuwa kituo mashuhuri cha wafanyabiashara Waswahili katika karne ya kumi na tisa. Kitambaa cha merikani, jina linalolitangaza asili yake, kilitoka katika viwanda vya Marekani. Wavaaji wa magharibi mwa Kenya walikuwa wanunuzi katika soko la dunia muda mrefu kabla wao wenyewe hawajawa picha za kununuliwa. Walichagua rangi, walikataa shanga zisizowapendeza, na wafanyabiashara walilazimika kufuata ladha yao. Uhodari huo wa kuchagua ndio unaopotea pale vazi linapoitwa la jadi na kuachwa hivyo.

6. Vazi Linalosema

Ikiwa picha ya mnunuzi hulinyamazisha vazi, ni wapi ambapo vazi husema? Fasihi ya Afrika Mashariki ina majibu mengi. Mwana Kupona, katika utendi alioutunga Pate mnamo 1858 hivi kwa ajili ya binti yake, anatoa mawaidha juu ya kujipamba miongoni mwa mawaidha mengine ya maisha. Humo pambo linaelezwa na mwanamke anayelivaa kwa mwanamke atakayelivaa, na kila kipande kina kazi yake katika uhusiano wa watu. Kanga nayo imebeba jina lake. Mwenye kuichagua na kuivaa mbele ya jirani amekwisha kutamka, na jirani anajua kwamba ameambiwa.

Bungoma ina mfano wake ulio bora, nao ni kumuse. Mzee wa heshima wa Kibukusu anapofariki, siku chache baada ya maziko jamii hukusanyika kumsikiliza mzee mwenye kipawa cha kunena, ambaye husimulia asili ya watu, huwataja mashujaa, huwausia walio hai na kuwafariji wafiwa. Mnenaji huyo huwa na vazi la pekee na fimbo mkononi, na hunena huku akitembea katika uwanja ulioachwa wazi katikati ya watu waliotulia. Vazi lake haliwezi kutenganishwa na hatua zake, wala hatua na maneno, wala maneno na kifo kilichowakutanisha watu siku hiyo. Akivaa vivyo hivyo akakaa kitini mbele ya mchoraji, rangi na umbo vyote vitakuwa sahihi, na kumuse haitakuwapo.

Hivyo ndivyo ilivyo pia kwa tohara ya Wabukusu, inayofanyika mwezi wa Agosti wa kila mwaka unaogawanyika kwa mbili. Kijana hupita kwa jamaa zake akiwa amejipamba kwa shanga, huku akipiga njuga zake mikononi, kuwaalika katika siku yake. Alfajiri ya siku yenyewe hupakwa matope mtoni. Mapambo huvaliwa na kuvuliwa kwa mfuatano maalumu, na maana imo katika mfuatano huo. Mchoraji huchagua dakika moja, kwa kuwa hana njia nyingine. Tatizo huanza pale dakika hiyo inapochukuliwa kuwa ndiyo desturi nzima.

7. Hitimisho

Makala haya hayapendekezi kwamba picha za Adamson zifichwe, wala kwamba zisitumiwe. Kuna mapambo ambayo sasa ni vigumu kuyaona kwingine, na kuna nyuso ambazo vizazi vyao bado vinaishi Kenya na vina haki ya kuziona. Hasara halisi ni nyingine. Leo, serikali za kaunti, shule na vikundi vya ngoma zinapotafuta vazi la jadi kwa ajili ya tamasha, ni rahisi kukimbilia picha ya namna hii na kuitendea kama sheria. Hapo kanuni ya mnunuzi wa 1949 hugeuka kuwa kanuni ya mvaaji wa leo, na kijana wa Bungoma hujifunza kuonekana kama mfano wa watu wake kabla hajajifunza kunena kama mmoja wao. Juhudi ya mwaka 2004 ya kubuni vazi moja la taifa la Kenya, ambayo haikupokewa na wananchi kwa vazi la kila siku, ilionyesha kwamba vazi halianzi kwenye mchoro. Huanza kwa watu wenye jambo la kuambizana.

Kwa mwalimu na mwanafunzi wa uhakiki, pendekezo ni dogo na latendeka. Kila picha ya vazi isomwe kwa maswali manne: nani aliichora, nani aliilipia, ni mwaka gani, na nini kilikuwa kikitokea mahali hapo mwaka huo. Maswali mawili ya kwanza yanatosha kuzifungua picha za Canton. Mawili ya mwisho ndiyo yanayozifungua zile za Kenya. Mwanafunzi aliyesimama Nairobi mbele ya picha ya Mpokot na kilemba chake cha udongo, naye akakumbuka Kolloa, ameanza kuijaza ile karatasi nyeupe. Na akishuka Bungoma kusikiliza kumuse, atatambua kwamba mengine yaliyokosekana katika picha hayakupotea kamwe. Bado yananenwa, na mwenye kuyanena yumo ndani ya vazi lake.